Nilivyokwama Chooni Mbita

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mbita, kuna boma moja ambako kwa miaka mingi mtu akikawia chooni aliulizwa kwa sauti kubwa kama amekuwa Shabani, na Shabani ni mimi. Sijalisimulia jambo hili sana, si kwamba nimelisahau (mtu hasahau siku aliyoangusha ukuta wa choo cha watu), ila kila nikianza naona wasikilizaji wamejiandaa kucheka, na mimi nikifika mahali pa kucheka sauti inakataa. Leo nitajaribu. Chekeni tu, pa kucheka papo, lakini mnivumilie na yale mengine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na duka la vifaa vya uvuvi hapa Kisumu, nyavu, nyuzi, maboya na kamba, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka jioni nikingoja wavuvi. Nyumbani Kaloleni hakukuwa na mtu. Mke wangu, Mama Salma, alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Salma, binti yetu wa pekee, ameolewa Nakuru, na mimi ni mwanamume ambaye hata chai naweza kuiunguza, kwa hiyo nilikula hotelini: asubuhi mandazi, mchana nyama ya kukaanga, jioni ile nyama iliyobaki mchana ikikaangwa mara ya pili. Nikifika nyumbani nilikuwa nawasha redio kabla ya kuvua viatu. Sikuwa nasikiliza. Nilitaka tu nikute kuna mtu anaongea.

Basi kichwa kikaanza kunigonga, nikaenda kliniki moja mjini, nikatolewa damu, na daktari (kijana mpole aliyesomea ng'ambo) akaniketisha.

"Mzee Shabani, damu yako ina mafuta mengi sana. Yanaitwa kolesteroli."

"Si ndiyo vizuri, daktari? Maana yake nakula."

Hakucheka. Akaniandikia vidonge, dawa ya kisasa, wakati ule hata baadhi ya wauza dawa walikuwa hawaijui, nimeze kila jioni. Akasema nipunguze nyama na nitembee tembee kidogo. Halafu akanitazama machoni akasema, "Dawa hii kwa watu wachache inaumiza misuli. Misuli ikikuuma bila sababu, au mkojo ugeuke rangi uwe mweusi mweusi, acha vidonge na uje hapa siku hiyo hiyo. Usingoje."

Nikaitikia. Yale maneno mawili, bila sababu, niliyashika vizuri sana, na ndiyo yaliyokaribia kunimaliza.

Sasa kutembea kidogo kulinishinda kwa kuwa kulikuwa ni kutembea peke yangu. Nilijaribu, nikashuka mpaka ufukweni nikarudi, na njia nzima nilijikuta namwonyesha Mama Salma vitu: tazama pale wamepaka rangi, tazama yule ng'ombe ameingia majini. Mtu akipishana nami akaniona midomo inacheza. Nikaacha. Ndipo mvuvi mmoja akaniambia kule Manyatta, nyuma ya gereji, kuna bondia mstaafu anaitwa Ouma anafundisha watu mazoezi, na mimi nikaenda kuchungulia tu, nikakuta vyuma vimetengenezwa kwa mabomba ya maji, huku na huku mikebe ya rangi iliyojazwa simiti, na wanaume wanatoa jasho na kutaniana, na Ouma mwenyewe, pua imelala upande, akaniona mlangoni akapiga kelele:

"Jaduong' amefika! Mpisheni mzee!"

Wote wakageuka. Jaduong', ndiyo mzee wa heshima kwa Kijaluo. Jamani, tangu tumzike Mama Salma hapakuwa na mlango nilioingia mtu akageuza kichwa. Siku ya pili nilirudi, na ya tatu, na baada ya muda mfupi sikuwa na asubuhi nyingine yoyote isipokuwa ile. Walikuwa wakinihesabia kwa sauti, wakinipigia makofi nikiinua kitu ambacho mbuzi angeweza kukiinua, na nikichelewa waliuliza, mzee yuko wapi? Yaani kulikuwa na watu mahali fulani duniani wanauliza niko wapi.

Misuli ikaanza kuuma, na nilifurahi. "Hiyo inajengeka," Ouma aliniambia. "Ikiuma ujue inaskia." Lakini yale maumivu ya wenzangu yalikuwa yakikaa kidogo yanaondoka, yangu yalikuja yakatandika mkeka. Mapaja, mabega, hata misuli ya shingo. Rafu ya juu dukani ikawa mbali kama Uganda. Kwenye swala nilirukuu nikabaki hapo, imamu ameshasujudu, mimi nimejikunja kama kisu cha kukunja kilichokwama nusu, mpaka nikaanza kuswali kwenye kiti na kusema ni mgongo. Jioni nilimeza kidonge changu, nikafungua chupa ya dawa ya kuchua, nikajichua miguu, nikajichua mikono, na pale katikati ya mgongo, mahali penyewe hasa panapouma, mkono haufiki. Nilikuwa naipaka ile dawa ukutani halafu najisugua hapo kama ng'ombe. (Hiyo ni aibu nyingine, lakini haikuwa na mashahidi.)

Mtauliza, na daktari je? Nilimkumbuka daktari. Alisema misuli ikiuma bila sababu. Lakini mimi si nilikuwa na sababu? Sababu yenyewe ilikuwa na mikebe miwili ya simiti! Nilijiona mwerevu kweli kweli. Hata Ouma, ambaye hakujua lolote kuhusu vidonge kwa sababu sikumwambia, alinishika bega siku moja akasema, "Jaduong', pumzika wiki moja. Mimi ngumi ndizo zilinifundisha kupumzika." Nikamjibu kwamba sijachoka. Nilikuwa nimechoka mpaka kope. Ila wiki nzima bila mtu kuniita jaduong', niliipima nikaiona haipitiki.

Na nilikonda. Suruali zikaanza kunizunguka, shati likawa na nafasi ya mtu mwingine ndani. Nilijitazama kwenye kioo nikaona kijana. Mtaani nako niliona heshima imeongezeka: watu walinipisha njia, kwenye benchi waliniachia nafasi pana, na mwenye hoteli akaanza kunipa kikombe kile kile kila siku, chenye alama ya rangi nyekundu kwenye mkono, nikadhani sasa nimekuwa mteja wa kudumu mwenye kikombe chake. Nilitamba nacho kile kikombe. Nilimwambia mtu.

Katikati ya hayo kulikuwa na Mama Zuhura. Alikuwa mjane, mwenye mitumbwi kadhaa upande wa Mbita, na akija Kisumu na samaki wake alipita kwangu kununua nyavu. Mwanzoni alinunua akaenda. Baadaye alinunua akaketi juu ya robota la nyavu, akavua viatu, akaniambia habari za ng'ambo, nani amegombana na nani, injini ya nani imezama, na mimi nilikuwa natuma chai na kuomba gari lake lichelewe. Siku moja, nikiwa nimetazama mzani badala ya yeye, nikamwambia nyumba yangu ni kubwa kuliko mimi. 

"Nina kaka yangu mkubwa," akasema. "Njoo kwetu uonekane, Baba Salma."

Nilitaka kuruka, ila misuli haikuruhusu. Halafu akanitazama kwa makini, kutoka uso mpaka mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini mbona unakonda hivi? Unaumwa? Kuna dawa yoyote unameza?"

Chupa ya vidonge ilikuwa kwenye droo mbele yangu, droo iko wazi nusu. Hapo ndipo penyewe, jamani. Ningesema tu, namezeshwa vidonge vya mafuta ya damu, mazungumzo yangekwisha kwa dakika moja. Lakini niliona ataniona mzee anayetafuta wa kumuuguza. Nikaisukuma droo kwa goti (na goti likalia).

"Mimi? Mzima kama chuma," nikasema. "Ni mazoezi tu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu mahali atakapokipata baadaye, akavaa viatu vyake.

Siku zilizobaki nilijifua kama mtu anayekwenda kupigania mkanda. Nilitaka shemeji yangu mtarajiwa aone mabega. Siku ya mwisho kabla ya safari nilichuchumaa na kuinuka na chuma shingoni, nikachuchumaa na kuinuka, macho yanaona nyota mchana, mpaka Ouma akaja mwenyewe akakishika chuma akakitoa. Jioni nikameza kidonge. Asubuhi nilishuka kitandani kwa kuviringika.

Nilisafiri na jirani yangu Mzee Abdalla, fundi wa saa, mtu mwenye maneno, kwa sababu mwanamume haendi kujieleza peke yake. Basi letu la kwenda Luanda Kotieno, zinakovukia feri, nililipanda kwa kujivuta na mikono. Kwenye feri Abdalla akaniita tukae kivulini, nikasema nataka kuona ziwa, nikasimama njia nzima kwenye chuma cha pembeni, kanzu inapepea, watu wakadhani nina mawazo makubwa. Wazo langu lilikuwa moja: nikikaa, nani ataniinua?

Kwa kina Mama Zuhura walitupokea vizuri mno. Ni ukoo mkubwa, nusu wanaswali msikitini, nusu wanaimba kanisani, na wote wanakula sinia moja. Kaka yake, Bwana Odongo, alikuwa na kazi ya kuwaita abiria pale gatini kwa kipaza sauti cha betri, kile cha kushika mkononi, na hata nyumbani alikuwa nacho kando ya kiti kama mtu mwingine anavyokuwa na fimbo. Wakanikalisha kwenye sofa lililotandikwa vitambaa vya kufuma, sofa ambalo springi zake zilikuwa zimeshafariki, nikazama mpaka magoti yakanifika kifuani. Abdalla akanisifu kama anauza ng'ombe: mchapakazi, mswalihina, na mazoezi anafanya, mwone! Bwana Odongo akanitazama mashavu.

"Naona," akasema.

Chai ikaja, ikaja nyingine, na chai ina mambo yake. Nikavumilia mpaka nikaona kuvumilia zaidi ni hatari kwa sofa la watu. Nikaomba choo. Kutoka kwenye sofa nilijifanya nimeangusha kofia, nikaifuata chini kwa mikono na magoti, nikapandia meza. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na sinia. Aliona yote.

Choo kilikuwa mwisho wa ua: tundu kwenye sakafu ya simiti, kuta za mabati yaliyopigiliwa kwenye nguzo, mlango wake umetazama mgombani ila ukuta wa nyuma umeelekea uani ambako wanawake walikuwa wanapakua chakula. Nikaingia, nikapandisha kanzu, nikachuchumaa kama nilivyofundishwa tangu utotoni. Na kilichotoka, jamani, hakikuwa mkojo ninaoujua. Kilikuwa na rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa iliyosahauliwa jikoni kutwa nzima. Nikakitazama. Nikasikia sauti ya daktari sikioni kama amesimama mle ndani: uwe mweusi mweusi, usingoje. Nikasema, Shabani, inuka uende.

Miguu haikuinuka.

Nikajaribu tena. Si kwamba iliuma, kuuma kulikuwa kumepita. Ilikuwa kama nimeambiwa niinue miguu ya mtu mwingine. Nikashika sakafu, mikono ikalegea. Nikapumzika kidogo, kama kwamba kuchuchumaa ni kupumzika. Nikasikia huko nje sahani zinapangwa, nikasikia harufu ya samaki wa nazi niliopikiwa mimi. Nikataka kuita. Lakini nimwite nani? Hebu fikirini. Nimwite shemeji mtarajiwa, nimwambie njoo uniinue chooni? Nimwite Abdalla, ambaye habari ikiingia kwake saa sita, saa saba iko mpaka mtaa wa Nyalenda? Mtu ambaye ningemwita bila kufikiri mara mbili tulikuwa tumemzika. Basi nikachuchumaa pale kimya, jasho linanitoka, na nikajua kwamba hata nyumbani kwangu ingekuwa hivi hivi, tena kule wangenikuta baada ya siku.

Ndipo kipaza sauti kikawaka.

"MGENI WETU WA KUTOKA KISUMU! CHAKULA TAYARI!"

Nikasema, "Nakuja." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"MZEE SHABANI! TUNAOMBWA MEZANI!" Na kwa mazoea ya kazi yake akaongeza, "NAFASI ZIMEBAKI CHACHE!" Watu wakacheka. Kisha kicheko kikapungua. Nikasikia Abdalla akiwatuliza kwamba mgeni ni mtu wa kufanya mambo yake taratibu. Halafu kimya, kimya kile cha watu wengi wanaosikiliza upande mmoja.

Aibu ikanipa nguvu ambazo misuli haikuwa nazo. Nikanyoosha mikono juu, nikalishika bati la ule ukuta wa nyuma, niliokuwa nimeutazama, pale lilipokunjwa ukingoni, nikavuta kwa uzito wangu wote. Nikasikia msumari unatoka. Nikasikia wa pili. Ukuta ukaniinamia pole pole kama mtu anayetaka kuninong'oneza jambo, ukanigusa kofia, ukaghairi, ukaangukia uani kwa kishindo cha radi, na mimi huyo, nimechuchumaa mwangani, kofia upande, kanzu (Mungu aibariki kanzu) imefunika kinachopaswa kufunikwa, uso kwa uso na ukoo mzima uliokuwa umesimama na sahani.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeanza kucheka akajiziba mdomo. Nilingoja wengine wacheke. Haki ya Mungu, nilitamani wacheke. Lakini hawakucheka. Walinitazama mashavu, wakanitazama mikono iliyokonda, wakatazama nilivyoshindwa kuinuka, na kutoka nyuma huko nikasikia mtu amelitaja neno kwa sauti ya chini.

"Ayaki."

Ndivyo Wajaluo walivyouita ukimwi. Siku zile hapakuwa na boma ziwani ambalo halikuwa limezika mtu wake, na kila mtu alijua unavyoanza: mtu anakonda, anaficha vidonge, anasema yuko mzima. Na pale pale, nimechuchumaa, kikombe changu chenye alama nyekundu kikanijia akilini, na benchi lililoachwa pana, na watu wanaonipisha njia, nikaelewa heshima ile ilikuwa ya namna gani. Mtaa mzima ulikuwa umeshanililia bila kuniambia.

Hakuna aliyesogea. Wanaume walikuwepo wenye nguvu, wavuvi, na hawakusogea. Abdalla alipiga hatua moja, akasimama. Aliyekuja ni Mama Zuhura. Aliweka sinia chini, akavuka ua, akakanyaga lile bati likalia, akanifunga leso yake kiunoni juu ya kanzu, akaingiza mikono kwapani mwangu.

"Nishike shingo," akasema. Na akiwa ananiinua, mdomo karibu na sikio langu, akaniuliza, "Ni dawa gani unameza?"

"Ya mafuta," nikamwambia. "Mafuta kwenye damu. Wallahi."

Bwana Odongo alisikia. "Mafuta gani," akauliza, na hakuwa anatania, "na mtu mwenyewe hana nyama?"

Nilipelekwa gatini kwa mkokoteni wa samaki, nimelala chali, magamba yananing'ang'ania kanzu, na Bwana Odongo anatangulia na kipaza sauti chake: "PISHENI MGONJWA! PISHENI MGONJWA!" Watu walitoka madukani. Alikuwa na nia njema, sina neno naye. Kwenye feri waliniachia kivuli chote, upande mzima, hata Abdalla alikaa mbali kidogo akasema ananipa hewa. Ng'ambo tukapata pikapu ya wachuuzi, nikasafiri mpaka Kisumu katikati ya masanduku ya barafu na mbuta, samaki wananitazama, mimi nawatazama. Mama Zuhura alibaki amesimama ukingoni Mbita. Hakupunga mkono.

Hospitalini walinitundikia maji, chupa baada ya chupa, na yule daktari wangu alipoitwa alikuja amekunja uso. Akanieleza kwamba ile dawa na yale mazoezi mazito vimekutana mwilini mwangu, misuli imekuwa ikibomoka, na vumbi lake linaingia kwenye figo. Ningengoja siku chache tu, figo zingefunga kazi.

"Si nilikwambia misuli ikiuma bila sababu?"

"Nilikuwa na sababu, daktari."

Aliweka kalamu chini. "Kosa ni langu nusu," akasema. "Nilipaswa kukuuliza unafanya nini asubuhi." Nadhani hakuna mtu aliyenisemea neno la upole kama lile mwaka ule wote.

Saa za kutazama wagonjwa ndizo zilizokuwa ngumu. Mlango unafunguliwa, watu wanaingia na vikapu, kila kitanda kinazungukwa, na wewe unajifanya umelala ili usionekane unangoja. Salma alikuja kutoka Nakuru akalia kwa sababu hakuwa amejua chochote. Kwa simu nilikuwa nikimwambia naendelea vizuri. Ouma alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akakaa akijilaumu, ikabidi mimi niliyelazwa nimbembeleze yeye.

Mama Zuhura alikuja mara moja. Nilikuwa nimeomba daktari aandike ugonjwa wangu kwa Kiswahili kwenye karatasi, nikampa asome. Aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia.

"Nakuamini," akasema. "Hata kule nilikuamini, nilipokuinua."

"Basi turudi, Mama Zuhura. Nitatengeneza choo cha watu. Nitajenga cha mawe."

Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, ndiyo sababu liliniuma. "Choo si kitu," akasema. "Marehemu Baba Zuhura aliniambia ni malaria. Mwaka mzima, malaria. Dawa alizificha kwenye mfuko wa koti la mvua, nilizikuta baada ya matanga. Mimi mpaka leo sijui ni vitu gani angeniambia kama angeniambia." Akashika ukingo wa kitanda. "Niliposema kuna dawa yoyote unameza, niliiona droo, Baba Salma. Niliona goti lako."

Nikasema samahani.

"Siwezi kulala tena karibu na mtu wa kuniambia ni mzima," akasema. Akanirekebishia shuka miguuni, akaenda. Baada ya hapo nyavu zake alituma mtu kuchukua, na robota lile niliendelea kuliacha pale pale karibu na mzani, mpaka panya wakalitoboa, nikaliondoa.

Nilipona taratibu. Dawa ile waliniachisha, wakanibadilishia chakula, na baadaye sana nikapewa nyingine kwa kipimo kidogo, na kila mara naulizwa hili na lile, na najibu mpaka daktari mwenyewe anasema basi mzee, inatosha. Natembea asubuhi, mwendo wa kobe. Kwa Ouma naenda kukaa tu na kuwahesabia wengine. Mtaani ilichukua muda. Wengine waliamini karatasi, wengine walingoja waone kama nitakufa, na nilipochelewa kufa wakaanza tena kuniketia karibu.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, chooni siingii tena bila kwanza kupima magoti yangu mlangoni. La pili ni kwamba neno mzima sitalitumia tena kujibu mtu aliyeniuliza kwa dhati. Ni kiapo kigumu, kinakimbiza watu. Unaulizwa habari za asubuhi, unaanza na nyonga, mwenzako anatazama saa.

Lakini juzi Mzee Abdalla alipita dukani akaniuliza nimeamkaje, nikamwambia nimeamka vibaya, goti la kushoto, na tena nilimwota Mama Salma nikaamka sina hamu ya kuvaa. Nilidhani ataaga. Akavuta stuli akakaa. Akatazama nje kama wapo wanaosikiliza, akaniambia kwamba yeye ana bawasiri, anayo tangu mwaka tuliokwenda Mbita, na hata mkewe hajui.

Nikafunga nusu ya mlango wa duka, nikamwambia, haya, nieleze vizuri, inauma wapi.